Tulishangilia Mkojo Mwekundu

Samuye, Jumapili mchana

Masanja mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi. Shikamoo yako niliipokea, na marahaba niliyokupa ilikuwa ya mdomo tu, maana moyoni nimekasirika tangu jana. Sasa umekwenda kuwaaga wazee kwa mjomba wako Doto na najua hutarudi mpaka ng'ombe warudi zizini. Nina mchana mzima, nina daftari lililobaki la darasa la watu wazima, na nina kalamu inayovuja. Nitaandika mpaka iishe.

Jana nilifua nguo zako za safari. Ile kaptura ya kaki ulikuwa umeshaisugua mwenyewe kwa sabuni, ukaisukuma chini kabisa ya nyingine ikiwa imelowa. Mwanangu, tangu lini wewe ukafua? Na hukujua kwamba mimi nilifua nguo za mjomba wako Kulwa miaka miwili mfululizo, mpaka siku aliyokufa. Doa la damu ya mkojo nalijua hata likisuguliwa na jiwe. Huwa linabaki na pete ya hudhurungi pembeni, na sabuni haiitoi.

Kwa hiyo najua. Unatoa damu ukikojoa, na kesho unataka kupanda lori pamoja na Doto kwenda Rwamgasa, ukasimame majini kutwa mkiosha mchanga wa dhahabu, na hukuniambia neno. Ndicho kilichoniudhi. Nimekukasirikia wewe, nimemkasirikia Doto, na nimejikasirikia mimi kuliko ninyi wote. Katika barua hii nitajaribu kumgawia kila mtu fungu lake, kwa sababu mpaka sasa hasira yote nawamalizia kuku, na wao hawana kosa.

Utauliza kwa nini nisikuambie uso kwa uso. Ungekuwa binti ningekukalisha jikoni nikakuambia. Lakini wewe umeota ndevu, na kwetu mama hamsemeshi kijana mwenye ndevu habari za chini ya kitovu. Ningefungua mdomo ungeondoka, nami ningeona haya nikakuacha uondoke. Karatasi haina haya. Isome yote kabla hujalala, hata ukikasirika.

Sitakuandikia habari za blanketi wala za wezi wa machimboni wala za wanawake wa huko. Hayo utaambiwa na kila unayemuaga leo, na nusu yake utayasahau kabla lori halijafika Geita. Nataka kukuandikia habari ya damu, na nianze na jogoo.

Ulikuwa na miaka kumi au kumi na moja. Ulitoka kuchunga na wenzako, mkasimama nyuma ya zizi mkishindana nani atakojoa mbali zaidi kwenye kichuguu. Doto akawa anapita. Alikuja mpaka uani kwangu anacheka, akasema, "Shija, mwanao amekuwa mwanaume. Ameanza kutoa nyekundu kama sisi." Mimi nikaweka chini kinu nikapiga vigelegele. Majirani wakaja kuuliza kuna nini, wakaambiwa, nao wakapiga. Jioni hiyo nikakuchinjia jogoo, firigisi ukala wewe, kama mtu mzima.

Kwetu ndivyo tulivyoamini, nawe unajua. Msichana ana damu yake na mvulana ana ya kwake, na mvulana ambaye mkojo wake haukuwahi kuwa mwekundu ndiye aliyechekwa na wenzake. Hilo ningeweza kujisamehe kama ningekuwa sijasoma. Lakini mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha watu wazima hapa kijijini baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Kabatini nilikuwa na kitabu cha afya chenye picha ya konokono, na wiki ileile, Masanja, wiki ileile nilisimama mbele ya kina mama thelathini nikawasomea kwa sauti kwamba kuna mdudu anaitwa kichocho, anatoka kwa konokono wa kwenye maji yaliyotuama, anaingia mwilini kwa kupenya ngozi, anakaa kwenye kibofu, na mkojo unakuwa na damu. Wakarudia baada yangu, ko-no-ko-no, ki-cho-cho. Nikawasahihisha matamshi. Nikafunga kitabu, nikaja nyumbani, nikakuchinjia jogoo.

Sikuona kama yale mawili yanahusiana. Ya kitabuni yalikuwa ya kitabuni, na mkojo wako ulikuwa wa nyumbani. Huo ndio ujinga unaoniumiza kuliko wote niliowahi kuwa nao. Nilikuwa na jibu mkononi nikalifundisha kama wimbo, na mtoto wangu alikuwa anaoga lamboni kila siku na wale konokono.

Mwaka uliofuata watu wa afya walipita shuleni kwenu wakawapa vidonge, mkojo ukasafika. Wiki hiyohiyo ukarudi lamboni. Sikukuzuia.

Sasa nikueleze vifo, maana kimoja ulikiona ukiwa mtoto, kingine ulisikia tu, na uliyoambiwa si kweli.

Babu yako Luhende, baba yangu mimi, alikufa hajafika hata miaka hamsini. Nilikuwa msichana, bado sijaolewa. Alianza kwa kutoa damu, akanyamaza. Halafu akawa anakwenda porini mara ishirini kwa siku na anarudi amekunja uso. Halafu akawa haendi tena, analala. Aliyemuuguza alikuwa dada yake, shangazi Nkwimba. Ndiye aliyefua, ndiye aliyemgeuza, ndiye aliyemfunga kitambaa kidevuni siku alipokata roho. Watu walisema amerogwa na mtu wa upande wa pili wa mto waliyegombania naye malisho. Yule mtu naye akafa mwaka uleule kwa kuumwa na nyoka, kila mtu akaridhika.

Akabaki mama na sisi watatu. Kulwa na Doto, mapacha, na mimi niliyewafuata, ndiyo maana naitwa Shija. Wale wawili walifanya kila kitu pamoja. Waliogelea lambo moja, wakala chungu kimoja, wakaanza kuvuta tumbaku siku moja, wakiisokota kwenye gazeti moja. Wakati wa uvulana wote wawili walitoa damu na wote wawili walishangiliwa. Wakakua, wakaoa. Halafu, wewe ukiwa na miaka kama kumi na mbili, Kulwa akaanza tena kutoa damu, mtu mzima na watoto wake. Na Doto hakutoa.

Hapo ndipo uchawi ulipopata mlango. Siku ile sikumwona mtu hata mmoja aliyeuliza huu ni ugonjwa gani. Wote waliuliza swali moja tu, kwa nini huyu na si yule. Wamezaliwa siku moja, wameoga pamoja, wamevuta pamoja. Lazima kuna aliyechagua.

Tukaenda kwa mfumu, mganga wetu wa kupiga ramli. Nasema tulikwenda kwa sababu nami nilikuwamo. Wanaume walibeba kifaranga aliyetemewa mate na Kulwa, na mimi nilichukuliwa kwa kuwa ndiye dada. Mfumu akampasua kifaranga, akatazama ndani kwa muda mrefu, akasema, "Kuna mkono wa mwanamke. Ni wa ukoo wenu huyu. Nani amemlisha huyu asimlishe yule?"

Mimi nikasema, "Shangazi Nkwimba alimletea Kulwa maziwa mgando."

Ilikuwa kweli. Alimletea Kulwa maziwa siku moja ambayo Doto alikuwa machungani. Lakini nikueleze yote, maana sitaki ufikiri mama yako aliteleza ulimi tu. Nilikuwa na kinyongo naye. Aliwahi kunisema kisimani mbele za wanawake kwamba tumbo langu limefunga duka baada ya mtoto mmoja. Nilikibeba kile kisa miaka mitano, na pale kwa mfumu kikapata pa kushukia. Mimi ndiye niliyesema jina. Mfumu hakulijua. Alingoja tu tumpe, na mpaka leo nikimkumbuka alivyotikisa kichwa kwa upole, kama vile alikuwa analijua zamani, natamani ningemtia kifaranga chake kinywani.

Baada ya hapo hakukuwa na kazi ngumu. Ana macho mekundu, wakasema, kama kwamba kuna mwanamke mzee hapa Samuye ambaye hana macho mekundu, sisi tunaopikia samadi kavu miaka yote kwa kukosa kuni. Wakamvunjia vyungu. Wakakataza mtu yeyote kumpa moto au maji. Wewe ulipelekwa kwa bibi yako siku ile ili usione, ukaambiwa shangazi amehama.

Alipita mbele ya nyumba yangu akiwa na mkeka na kibuyu. Nilikuwa napepeta mtama. Akasimama akasema, "Shija, ng'wana wa kaka yangu. Baba yako alikufa hivihivi, na mimi ndiye niliyefua shuka zake. Na yeye nilimroga?"

Niliendelea kupepeta. Shangazi akashika njia ya kwenda Ushirombo. Sikumwona tena.

Kulwa hakupona, bila shaka. Akazidi. Mwishowe mimi na baba yako tukampakia kwenye lori la pamba tukampeleka hospitali ya misheni. Daktari alikuwa mtu mfupi, hana haraka, anasikiliza mpaka mwisho. Alimlaza, akamchunguza siku mbili, akaniita pembeni akaniambia ni kansa ya kibofu na imeshakwenda mbali. Aliniambia kichocho cha miaka mingi kinachubua kibofu ndani mpaka kinakuwa kama kidonda kisichofunga, na tumbaku inaongeza sumu juu ya kidonda hicho.

"Nani mwingine kwenu ametoa damu namna hii?" akaniuliza.

"Baba yetu. Alikufa."

"Na mwingine?"

"Hakuna."

Kisha nikamuuliza lile swali. Nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyechagua. "Daktari, huyu ana pacha wake. Lambo moja, tumbaku moja. Yule anabeba magunia ya pamba na huyu anakufa. Kwa nini?"

Hakunicheka. Aliniuliza, "Wanafanana?"

"Hata kidogo. Huyu mrefu mweusi kama baba, yule mfupi kama mama."

"Basi walikaa tumbo moja kwa wakati mmoja, lakini ni ndugu wa kawaida," akasema. "Kila mmoja alichukua lake kwa baba na lake kwa mama. Mama, kila mtu ana kazi inayofanyika ndani ya ini lake, ya kusafisha sumu. Moshi wa tumbaku, na mengine. Kuna waliozaliwa na ini linalosafisha haraka na kuna waliozaliwa na linalosafisha polepole. Ukiwa wa polepole, sumu inashuka kibofuni ikiwa bado kali. Ukiwa na kidonda cha kichocho hapo, unaona mwenyewe. Kitu hicho hurithiwa, kama urefu."

"Kwa hiyo tumezaliwa tumeoza?"

"Hapana. Wako wengi wa polepole ambao hawataugua maisha yao yote. Na wako wa haraka watakaougua. Hatujui kila kitu, na kitu chenyewe si kimoja. Ninachokuambia ni kwamba watu hawazaliwi sawa, na maji yaleyale hayawafanyi sawa. Na mkiwa mnajua hilo kuhusu ukoo wenu, mnatakiwa kuwahi."

Hilo neno, kuwahi, alilirudia mara tatu. Kulwa alikufa wiki tano baadaye.

Njiani kurudi na maiti nilikaa nyuma ya lori nikawa nafikiria ng'ombe. Usinicheke. Baba yako, kama wafugaji wote wa hapa, anajua kila ng'ombe wake ni wa uzao gani. Atakuambia huyu ni mjukuu wa yule mwenye baka, usimpeleke Ushirombo, uzao wake hauwezi mbung'o, akiumwa mara mbili anakonda anakufa. Na huyu ni wa uzao wa yule wa pembe moja, hata mbung'o wamle yeye ananenepa tu. Wanakula majani mamoja na kunywa mto mmoja. Sijawahi kusikia mwanaume wa Kisukuma akisema ng'ombe aliyekufa kwa mbung'o amerogwa na shangazi yake. Wanasema ni uzao, na wanapanga malisho kwa kujua hivyo. Mtu akifa, akili hiyo yote inaachwa zizini, tunakwenda kumpasua kifaranga.

Tungetazama koo zetu kwa jicho tunalotazamia ng'ombe, Kulwa angepelekwa hospitali siku ya kwanza aliyotoa damu, kwa kuwa ni mtoto wa Luhende. Angeambiwa aache tumbaku akiwa kijana. Pengine angekuwa hai. Sisemi angekuwa hai, nasema pengine, na hilo pengine limenikosesha amani miaka yote hii.

Bado sijamaliza. Baba yako alipohamishia ng'ombe Ushirombo kwa ajili ya malisho, safari yake ya kwanza kurudi alinikuta nafunga mlango wa darasa. Akasema, "Nilimuulizia shangazi yako kule misheni. Alifariki mwaka jana. Alikuwa anauza kuni barabarani. Masista wanasema alikuwa anatoa damu, mwaka mzima, anajifunga matambara na hasemi. Walijua alipoanguka."

Nilikaa kwenye kizingiti cha darasa, ufunguo mkononi. Dada yake Luhende. Damu ileile, ugonjwa uleule, ndani ya mwanamke tuliyemfukuza kwa kusema ndiye anayeuleta. Na alijua akisema anatoa damu watu wataligeuza kuwa ushahidi, kwa hiyo akanyamaza mpaka akafa. Daktari aliponiuliza nani mwingine nikajibu hakuna. Hata kama sikujua kwamba anaumwa, ningeweza kusema yuko shangazi, yu hai, hatujui hali yake, yuko Ushirombo. Angeweza kutumiwa ujumbe. Lakini mimi nilikuwa nimeshamfuta katika ukoo. Sikumkumbuka hata kwa bahati mbaya.

Hiyo ndiyo sehemu yangu ya hasira, Masanja, na naibeba mwenyewe. Nimemuua mtu kwa sentensi moja. Hakuna aliyenishitaki, wala hakuna atakayenishitaki. Watu hapa bado wananiita Mwalimu.

Sasa tuje kwako. Watu watakuambia wewe ni wa ukoo wa baba yako. Ni kweli, kwa mahari na kwa jina na kwa ng'ombe utakaowarithi. Lakini nilipokubeba miezi tisa sikumwacha Luhende nje ya mlango. Umechukua sehemu yangu, na sehemu yangu imetoka kwake. Sijui umechukua ya Kulwa au ya Doto. Hakuna anayeweza kujua kwa kukutazama. Pua umefanana na Doto, lakini pua haisafishi sumu.

Asubuhi ulipokuwa unaoga nilikwenda kwa Doto. Sikukuambia. Nilimkuta anafunga sepetu na karai kwa kamba.

"Doto, kijana anatoa damu."

"Najua. Ameniambia." Akaendelea kufunga. "Na mimi nilitoa mwaka mzima. Nitazame."

"Kulwa naye alitoa."

Akaacha kamba. "Shija, usinirudishe huko."

"Umemwambia nini mtoto wangu?"

"Nimemwambia ni ujana. Nimemwambia itakwisha yenyewe. Nimekosa nini? Kwangu ilikwisha."

Nilitaka kumpiga na lile karai. Halafu nikamwona macho. Nikuambie kitu kuhusu mjomba wako ambacho hata yeye hakijui. Doto si mtu mbaya. Tangu Kulwa afe anatembea akiwa na lile swali kichwani, kwa nini yule na si mimi, na uchawi ndio jibu pekee linalomwezesha kulala. Ukimwambia ni uzao tu, ni bahati tu ya alichochukua kwa mama, anabaki hana la kufanya na uzima wake. Kwa hiyo anakupa wewe uzima wake uutumie kama dawa. Mimi nilitoa damu nikapona, na wewe utapona. Nilimwonea huruma, nikazidi kumkasirikia. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, nikaondoka bila kuaga.

Yeye ulimwambia. Mimi hukuniambia. Nimelitafuna hilo tangu asubuhi, nikaona sina wa kumlaumu. Nani alikufundisha kwamba mkojo mwekundu ni siri ya wanaume na sherehe ya wanaume? Ni mimi, kwa jogoo. Tuliuandika ubaoni ule msemo wa mficha maradhi kifo humuumbua, tukausoma kwa pamoja, kina mama thelathini na mwalimu wao, na kila mmoja akarudi kwake kuficha la kwake.

Huenda damu yako ni kichocho kipya tu. Kama ndivyo, kuna vidonge, na utapona kama ulivyopona ukiwa shule. Umri wako bado mdogo sana kwa yale mengine. Nayaandika haya ili usitishike, lakini pia usiende ukasimama mwaloni, kwenye yale maji wanayooshea mchanga, ukiongeza kichocho juu ya kichocho miaka kumi, huku unavuta zile za kusokota anazokupa Doto. Ndiyo, najua unavuta. Mto wako unanuka. Mwingine anaweza kufanya hayo yote akafika uzeeni akicheka, na Doto ni mfano. Wewe hatujui. Mtu asiyejua kama anaweza kuogelea hajaribu katikati ya mto.

Sikukatazi dhahabu. Nimeona hapa hakuna kitu, pamba haikulipi hata jasho, na kijana hawezi kukaa anahesabu mikia ya ng'ombe wa baba yake. Ukienda Rwamgasa, nenda kachimbe, shuka shimoni, kazi za nchi kavu zipo. Lakini hiyo dhahabu imekaa ardhini tangu dunia iumbwe. Itakungoja wiki mbili. Lori la Doto na liende. Wewe kesho unapanda basi la mjini, unashuka hospitali, na unamwambia daktari maneno haya kama yalivyo: babu yangu mzaa mama, ndugu yake wa kike, na mjomba wangu mmoja, wote walitoa damu wakafa. Mimi nimeanza kutoa. Usiseme ni ujana.

Na ukipata watoto, waambie. Wa kiume na wa kike. Usimwachie mtoto wako akusanye habari ya damu yake vipande vipande kwenye misiba.

Chini ya kitanda chako utakuta chupa mbili za soda. Nimezichemsha. Daktari atataka mkojo, na mjini ukiwa na haya utasema huna. Kojoa alfajiri kabla hujatoka, jaza moja, ifunge kwa gunzi. Ya pili iache mlangoni kwangu.

Hedhi yangu ilikoma miaka mitatu iliyopita. Tangu tulipoanza kuvuna pamba mwaka huu natoa damu. Mwanzoni nilijiambia ni hedhi imerudi, ingawa mwanamke wa umri wangu anajua hairudi. Halafu nikajiambia ni ugonjwa wa wanaume wa kwetu, hauji kwa mwanamke, mimi, Masanja, mimi niliyekaa kizingitini nikasikia shangazi alivyokufa. Nimekuwa najifunga matambara. Nafua kabla hujaamka, naanika ndani nyuma ya kihenge, na sabuni ilipokwisha upesi nilikulaumu wewe. Baba yako hajui. Jana nilipoishika ile kaptura nilikaa chini karibu na beseni na kulia kwa hasira, kwa kuwa tulikuwa wawili ndani ya nyumba moja, tunafichana kitu kilekile.

Kwa hiyo huendi peke yako. Nimeshamwomba jirani akamue ng'ombe siku mbili, na aliponiuliza ninakwenda wapi nikasema sokoni. Huo ndio uongo wangu wa mwisho. Kesho kituoni watakuwapo watu wa kijiji chote, wameketi na mizigo yao, na watatuuliza kama kawaida, mama na mwana mnakwenda wapi asubuhi hii. Wewe ukiona haya, nyamaza, utazame barabara. Nitawajibu mimi, tena kwa sauti ile ninayofundishia.

Mama yako,
Shija ng'wana Luhende